Kima cha Chini

Yoeli amerudi na daftari la ngeli,
vumbi la Ihumwa limempaka hadi kope.
Ananikuta nasonga ugali, ananiuliza:
"Mama, redio imesema *kima cha chini*.
Kima si mnyama? Mbona hawasemi *kima wa chini*?"

Nikacheka.
Mwanangu, yupo kima wa mitini.
Ipo kima ya kusagwa, huuzwa kwa robo pale Majengo,
sisi twaijua kwa harufu.
Na kipo hiki cha redioni, kipimo,
hakina mkia wala hakishikiki.

"Kinapima nini?"

Mwiko ukagota sufuriani.

Mimi hudamka saa kumi, natembea hadi Mtumba.
Ghorofa ya tatu napiga deki kabla watu hawajaja,
vigae vikang'aa hadi najiona ndani yake
kichwa chini, miguu juu.
"Mbukwa, mama," husema bwana wa chumba cha mwisho
akiruka pale penye unyevu asinichafulie.
Ni mtu mwema. Huuliza hali ya watoto.
Sijui nimjibu kwa shilingi ngapi.

Tarehe ishirini na nane simu hutetema mfukoni mwa koti.
*Umepokea.* Neno tamu hilo, kabla hujasoma mbele.
Koti lenyewe nimekatwa.
Mama Chilewa wa dukani huijua tarehe kuliko mimi,
nafika daftari liko wazi na kalamu imeshakatwa kofia.
Pesa hupita kwangu kama mgeni aliyekosea mlango,
haiketi, haiombi hata maji,
na maji yenyewe ni ya chumvi, dumu kwa dumu,
sabuni inakwisha povu halijatoka.
Ikifika tarehe tano
naacha kuhesabu pesa, nahesabu siku.

Ghorofa ile, kwa makisio yangu,
imekaa palepale baba alipojenga dungu.
Nilikuwa na miaka tisa, naamia ndege kwenye uwele,
kombeo mkononi, sauti imekauka.
Ujira wangu kibuyu cha togwa, na usiku ugali wa kubakiza.
Sisemi ilikuwa pepo.
Mwaka ule mvua ilipogoma
baba alikaa siku mbili akikitazama kihenge kidogo,
kile ambacho hatukuruhusiwa kukigusa.
Siku ya tatu akakifungua.
Tukala mbegu.
Tulishiba vizuri sana, nakumbuka,
na yeye akatoka nje, akasimama kuipa nyumba mgongo.

Basi sikusoma uchumi, lakini hili nalijua.
Mtu anaweza kula kila siku
na bado anakula mbegu.

Perisi, dada yake Yoeli, aliumwa jino mwezi wa pili.
Kuziba bei yake, kung'oa nusu ya hapo.
Tuling'oa.
Ana miaka kumi na minne, anacheka mkono mdomoni.
Hiyo mbegu.
Mgongo wangu, ninaoukanda kwa chupa ya maji moto
na kuuambia ngoja, ngoja Desemba,
hiyo nayo.
Msiba wa shangazi kule Mpwapwa nilituma salamu,
salamu tupu, hazina nauli.

Ningeulizwa mimi ujira wa kuishi ni upi,
ningesema ni ule ambao ukishalipa unga na kodi
kihenge kidogo bado kimefungwa.
Hata kama kimeingia kiganja kimoja tu.
Lakini nani ataniuliza, nami naingia kwa mlango wa nyuma
saa ambayo wenye maswali wamelala?

Ameniuliza huyu, wa darasa la nne.
Nikamwambia kula, ugali unapoa.

Usiku, taa ikiwa imebaki uniti mbili,
nikachungulia daftari lake. *Tunga sentensi.*
Ameandika kwa mwandiko wa kukandamiza:
*Mama yangu analipwa kima wa chini. Kima huyo anakula sana.*

Najua ni kosa.
Ufutio nilikuwa nao mkononi.
Nikalifunga daftari, nikazima taa.
Mwalimu na aje na wino wake mwekundu.